Siku Seva Ilipomkana Kila Mtu

Wadau, mimi nimewahi kukanwa na seva. Tena mchana kweupe.

Jumatatu hiyo ofisi nzima ilishindwa kufungua barua pepe. Kila aliyeingiza jina na nywila aliambiwa hajulikani. Mhasibu hajulikani. Hata mkurugenzi, ambaye picha yake imening'inia pale mapokezi, hajulikani!

Fundi wa mitambo ni mimi, peke yangu. Nilikuwa wiki ya mwisho ya majaribio, na mke wangu mjamzito alikuwa anategemea bima ya kazi hiyo ajifungulie.

"Saa kumi ikifika haijapona, usijisumbue kurudi kesho," alisema Mama Nidhamu, mkuu wa utawala.

Jina hilo tulimpa sisi, na si kwa mapenzi. Asubuhi hiyohiyo alikuwa ameshaniandika mchelewaji.

Nikaingia chumba cha seva. Sasa sikieni, seva ya barua pepe yenyewe haimjui mtu. Ukitaka kuingia, inaziuliza seva mbili za saraka, zenye orodha ya wafanyakazi wote, kule makao makuu: huyu ni wetu? Siku hiyo ilikuwa inauliza, zenyewe zinaigomea.

Nyaya nzima. Mtandao safi. Nikapiga simu ya mezani makao makuu.

"Saraka zetu ziko poa, kaka," jamaa akanijibu kwa maringo. "Matawi yote yanaingia isipokuwa ninyi. Angalia saa ya seva yako. Ikipishana na zetu, haipokelewi."

Nikaangalia saa ya seva. Nikaangalia ya ukutani. Zinalingana kabisa. Nikamsonya kimoyomoyo, nikaendelea.

Nikazima, nikawasha. Nikaiondoa kwenye saraka, nikajaribu kuirudisha. Imegoma! Njaa inauma, jasho linanitoka, na kila mara kuna kichwa mlangoni.

"Bado tu?"

Wallahi nilitamani kuipiga teke. Simu yangu ya mkononi iko mapokezi kwa amri ya Mama Nidhamu, hata kumpigia mke wangu nimwandae siwezi.

Saa ya ukutani ikafika kumi. Mama Nidhamu huyo.

"Muda umeisha. Lete funguo."

Akanyoosha mkono. Macho yangu yakatua kwenye saa yake: kumi kasoro dakika kumi.

"Mama, saa yako imechelewa?"

"Ichelewe wapi!" akaja juu. "Ya ukutani ndiyo niliyoisogeza mbele Ijumaa jioni, mmezidi uvivu. Na hiyo mashine yako nikaiweka sawa nayo."

Funguo nikaziacha mfukoni. Nywila zote, hata ya seva, lazima nakala ikae kwake, ndiyo sheria yake. Kumbe tuingie kazini kwa saa ya ukutani, tutoke kwa saa ya mkononi mwake!

Nikairudisha saa ya seva nyuma dakika kumi, nikaiunganisha tena. Saraka zikaipokea papo hapo.

"Imerudi!" watu wakashangilia ukumbini.

Mkurugenzi akaja mwenyewe. "Tatizo lilikuwa nini?"

Nikamweleza yote. Mama Nidhamu alikuwa ameinamia viatu vyake.

"Kwa hiyo asubuhi hukuchelewa?" mkurugenzi akaniuliza.

"Niliwahi, bosi."

Ajira nikapata, na binti yangu akazaliwa kwa bima ileile.

Nilichoondoka nacho ni hiki: kitu kikikugomea kutwa nzima, chunguza na kile unachokipimia. Huenda kuna mtu kakigusa, na ndiye huyohuyo anayekufokea.