Majibu ya Damu na Wembe wa Baba

Mama aliyekaa mbele yangu maabara alikuwa na haraka. Ijumaa mwanawe anatiwa jandoni kwao Ndagoni pamoja na binamu zake, na mchele umeshanunuliwa. Alitaka nimwambie tu kuwa mtoto mzima, aende zake.

"Mzima wapi?" nikamwambia. Hasira zangu ziko karibu, kila mtu anajua. "Mtoto anang'oka jino la utoto, damu inatoka mpaka kesho yake, unaniambia mzima!"

Majibu kutoka Dar es Salaam yalikuwa yamefika asubuhi ile. Nikamfafanulia. Chembe sahani, zile zinazoanza kuziba jeraha, zilikuwa za kutosha. Vipimo vya kuganda damu vilikuwa viwili: kimoja sawa, cha pili kimechelewa mno. Walipoichanganya damu yake na ya mtu mwenye afya, ikaganda vizuri.

"Maana yake kuna kitu kinapungua kwenye damu yake. Kipi hasa, bado wanapima, lakini hii ni himofilia. Huwapata zaidi watoto wa kiume, na mara nyingi hupitia kwa mama. Atatahiriwa hospitali kubwa, kwa dawa ya kugandisha damu. Akikatwa Ijumaa, mtamzika."

Akajifunika uso kwa mtandio. "Kaka yangu alifia jandoni," akasema. "Damu haikukatika."

Nilikuwa najua. Ngariba aliyemtahiri kaka yake ni baba yangu. Ndagoni walimwita mchawi, tukahamia Utende, na baba hakushika wembe tena. Shuleni watoto walinikimbia. Niliwachukia watu wale, na huyu mama akiwamo. Naye alinijua vizuri. Tangu aingie hakunitazama machoni.

"Mzee yupo?" akauliza.

"Yupo."

Alhamisi alikuja nyumbani, kamshika mtoto mkono. Baba alikuwa barazani anafua nazi.

"Shikamoo baba. Haikuwa mkono wako. Ilikuwa damu yetu."

"Marahaba." Baba akamtazama mtoto. "Huyu hajakatwa?"

"Hajakatwa."

"Alhamdulillahi." Akaiweka nazi chini. Nilidhani atawatukana, mimi ningewatukana.

"Kaka yako nilimpakata mpaka roho ikatoka," akasema. "Alikuwa ananiuliza kama amekuwa mwanamume. Nikamwambia ndiyo. Nimekaa miaka yote hii nikingoja mtu wa kwenu aje, nimwambie."