Maharagi ya Nsimire

Mpaka leo harufu ya maharagi yanayoungua inanifurahisha, na bwana yangu anaona nina kasoro kichwani. Ngojeni niwaeleze, halafu muamue wenyewe.

Wakati wa vita, kwetu Bukavu, dada yangu mukubwa Nsimire alikuwa na kifafa. Kila mara kilianza vilevile. Anauliza, "Nani anaunguza maharagi?" na jikoni hakuna hata moto. Mkono wa kushoto unajikunja, anaanguka. Maman anakimbilia mto, mimi nakimbilia daftari.

Daftari lilitoka kwa daktari mugeni wa hospitali ya masista. Alisema Nsimire anaweza kupasuliwa kichwa kule Nairobi, ila kwanza tuandike kila kifafa kwa miezi mitatu, apate kukisia kama upasuaji utamsaidia. Kazi nilipewa mimi, wa kwanza darasani, na majivuno yangu yote.

Basi nikafikiri ni mambo ya bulletin, ile ripoti ya alama za shule: makosa yakizidi, umefeli. Nsimire akianguka mara tano, naandika moja. Nilitaka dada yangu apite.

Miezi mitatu ilipoisha, daktari akafunua kurasa. "Ni mara chache sana," akasema. "Hakuna haja ya kupasua. Aendelee na dawa."

Nsimire akainamisha kichwa. Alikuwa na miaka kumi na sita, na shule ilishamrudisha nyumbani. Nililia mpaka kamasi.

"Docteur, niliandika bongo, uongo mutupu. Vifafa iko mingi sana."

Maman alinitazama kwa jicho ambalo silisahau. "Muficha ugonjwa, kilio kitamuumbua," akasema polepole. Daktari yeye aliuliza tu kifafa kinaanzaje. Nikamwambia yote, maharagi, mkono wa kushoto, hata siku ile ya mabomu kilipomshika tukiwa chini ya kitanda.

"Kila mara vilevile?"

"Kila mara."

Akasema kifafa kinachoanza vilevile kila mara kinatoka sehemu moja ya ubongo, na hicho ndicho kinachompa matumaini, ingawa hawezi kuahidi.

Maman na Nsimire walikwenda Nairobi, wakarudi, Nsimire kitambaa kichwani. Miezi ikapita bila kifafa. Siku moja, akichambua sombe, majani ya muhogo, uani, akasema, "Nani anaunguza maharagi?" Maman akakimbilia mto, mimi daftari. Nsimire alikuwa amesimama wima, anatushangaa.

"Maman, iko yanaungua kweli."

Tuliyala yote, machungu namna ile, na Maman akaomba kuongezewa.

Ukubwani ndipo nilielewa kwamba kwa lile daftari sikumdanganya daktari peke yake. Niliogopa kumpoteza dada, nikajidanganya mwenyewe kwamba ugonjwa wake ni mdogo. Sasa Nsimire ana watoto watatu, na kila akinipigia simu anaanza na swali moja: "Umeweka nini ku moto?"