Talaka Tatu za Bwana Karani

Bwana Karani alimpa mkewe talaka tatu Jumamosi moja alasiri, na wanawake saba wa mtaa wa Dunda tukasikia kwa masikio yetu. Tulikuwa ukumbini kwa mama mkwe wangu, tunasuka ukili, redio iko juu ya kabati imetandikiwa kitambaa cha kufuma. Mchezo ule wa redio ulikuwa unakwenda mwaka wa pili. Sura zao hatukuzijua, lakini wenyewe tuliwajua kuliko waume zetu: Karani mvivu wa kusema kweli, mkewe ana ulimi wa kukata kamba. Karani aliposema, "Nakuacha, talaka tatu," mama mkwe aliweka ukili chini akasema inna lillahi. Wako waliolia. Mimi nilicheka moyoni. Nilikuwa nimetoka kidato cha nne mwaka juzi tu, nina mtoto wa miezi saba, na nilijua huko studio kuna watu wameshika karatasi wanasoma.

Wiki mbili baadaye nikaambiwa mimi maneno yale yale.

Mume wangu alikuwa akifanya kazi bandarini Dar es Salaam, anakuja Ijumaa jioni, anaondoka Jumapili. Jumapili hiyo asubuhi tuligombana chumbani kwa sababu nilitaka kwenda kusomea ualimu. Akasema chuo hakinyonyeshi mtoto. Nikamwambia na yeye hanyonyeshi. Akavaa viatu, akasema, "Nakuacha, talaka tatu," wala hakupandisha sauti, akachukua mfuko wake akaenda kupanda basi. Hapakuwa na shahidi ila mtoto. Ijumaa ikafika, akarudi na mkate wa boflo na doti ya kanga, akauliza chai iko wapi.

Naieleza shida yangu wazi, asitokee mtu wa kunizungusha: sikujua kama mimi ni mke wake au si mke wake. Chuoni kwa maalimu wa Kurani tulifundishwa tatu ni tatu, hata zikitoka kwa pumzi moja. Shuleni, pamoja na Kiingereza na majedwali ya kemia, hili hawakunifundisha. Nikisema, nafungasha. Nikinyamaza, nalala na mwanamume asiye wangu. Nilimletea chai. Kisha nikasema nina homa, nikalala na mtoto mkekani. Homa hiyo niliiugua kila Ijumaa aliyokuja.

Huko redioni, mke wa Karani alikuwa kwao, analia vizuri, tunamsikiliza kila wiki. Mara Jumamosi moja mchezo unafunguliwa, tunamsikia yuko jikoni kwa Karani anakaanga samaki. Hapana shehe aliyeitwa, hapana neno lililosemwa. "Abee bwana," anaitikia. "Chakula tayari, bwana."

Mama mkwe aliinuka akatoka uani. Nilidhani tumbo linamuuma. Akasema hawezi kukaa chumba kimoja na wazinifu, tumwite wakimaliza kula. Tangu hapo, kila wale wawili wakikutana chini ya dari moja, yeye alisimama karibu na pipa la maji mpaka mmoja wetu akamwambie Karani ameshakwenda ofisini.

Hapo ukazuka ubishi ambao uliwashika wenzangu mwezi mzima. Jirani yetu mshonaji, mwanamke aliyeachika mara mbili na hafichi, uzinifu wa Karani haukumhusu. Yeye alilalamika kwamba yule si mwanamke yule. Wetu angemrushia Karani kikaango. Huyu amerudishwa hana meno, kwa hiyo mtunzi wa zamani ameondoka, ameletwa mwingine asiyesoma ya nyuma. Wifi yangu, ambaye alikuwa hajaolewa, hakutaka kusikia. Wale walipendana tangu mwanzo, alisema, mtunzi alikosea kuwaachanisha, sasa amejisahihisha, ubaya uko wapi.

"Uko kwenye tatu," mama mkwe alimwambia. "Angetoa moja, mtunzi angejiachia mlango. Tatu ni ukuta. Yule mke aolewe kwanza na mwingine, akae naye hasa, akiachwa amalize eda, ndipo arudi kwa Karani wake."

Wifi akasema hiyo itachukua mwaka. Mama mkwe akajibu mwaka tunao, betri tutanunua. Wifi akasema huenda mtunzi ni mtu wa bara, haya hayajui. Akajibiwa asiyejua kupika pilau aulize kabla ya kuwasha moto. Mwingine akaleta la kwake: maadamu talaka haina mzaha, yule anayeigiza Karani amemwacha pia mkewe wa nyumbani? Hilo peke yake lilikula alasiri nzima, na hawakuafikiana.

Nilikuwa nawachukia wote kwa namna walivyojadili kwa raha. Siku moja nikajaribu kuchomeka langu. Nikauliza, je, kama hakuna aliyesikia, na Karani akakana? Wifi akacheka. Akasema, wifi, nchi nzima tumesikia.

Ikakubaliwa iandikwe barua kwa wenye redio. Mwandishi ni mimi, kwa kuwa ndiye niliyesoma. Mama mkwe akasema lake, mshonaji lake, wifi akalazimisha liwekwe na la kwake hata kama linapingana na yote yaliyotangulia. Nikaandika nyuma na mbele ya karatasi, na nilipofika chini hasira zikanipanda sijui kutoka wapi, nikaendelea peke yangu huku wao wanazungumza habari ya bei ya mchele.

Katika nyumba ile barua haikuwa ikitiwa gundi mpaka isomwe mbele ya waliotuma. Nilijua desturi hiyo. Ningeweza kuruka mistari ile, hakuna aliyekuwa anachungulia. Hadi leo sielewi kwa nini sikuiruka.

Nikasoma: "Na huyu mwanamke, kila mumewe akirudi, anajiuliza yeye ni nani katika chumba hicho. Anamnyonyesha mtoto, hajui ananyonyesha akiwa mke au akiwa mgeni. Mtunzi humwonei huruma?"

Mama mkwe alikuwa anakata ukili kwa meno. Akautoa mdomoni.

"Mke wa Karani hana mtoto," alisema.

Wifi akasema huenda nimechanganya na mchezo mwingine. Mshonaji akaanza kukunja mkeka wake. Mama mkwe akawaambia tutamaliza kesho, wakaaga, naye wifi akatumwa dukani kununua kitu ambacho kilikuwamo ndani. Tulipobaki wawili akaniuliza kwa sauti ya kuulizia chumvi.

"Alikupa ngapi?"

"Tatu, mama."

"Na zile homa?"

"Hazikuwa homa."

Akaenda chumbani kwangu, akabeba godoro la mtoto mwenyewe, akalitandika kwake. Nilimfuata kama mjinga. Sikujua nimefukuzwa au nimekaribishwa, na hakuniambia.

Ijumaa mume wangu aliingia, akamwamkia mama yake shikamoo. Hakujibiwa. Walikwenda moja kwa moja kwa shehe, nami nyuma na mtoto. Mume wangu akaapa alitoa moja, kwa hasira. Mimi nikasema tatu, bila hasira. Shehe akaniuliza shahidi. Nikamwonyesha mtoto, naye hakupendezwa. Akaamua ni moja, eda haijaisha, mume anaweza kunirejea. Kisha akaniambia kwa upole kwamba hata hivyo, kama mimi nina yakini ya tatu, nisimkubali, hilo ni baina yangu na Mola wangu. Nimesoma hesabu mpaka kidato cha nne, sijawahi kuona jibu la namna hiyo. Na kana kwamba hayatoshi, njiani mwenye duka, ambaye husoma magazeti, akatueleza kuwa kwa sheria mpya ya serikali talaka haitambuliwi mpaka ipite baraza la usuluhishi, kwa hiyo zote ni sifuri. Serikali sifuri, shehe moja, sikio langu tatu.

Tulipofika mlangoni mume wangu akasema, "Si umemsikia shehe? Haya, rudisha godoro."

Nikamtazama. Kama angekuwa anadanganya ningefurahi, ningejua pa kuipeleka hasira yangu. Lakini uso wake ulikuwa wa mtu anayeamini. Alikuwa amesahau, kama mtunzi yule wa redio, akanisubiri niingie jikoni niseme abee.

Mama yake akamwambia, "Nimekuzaa mimi. Hujawahi kufanya kitu nusu." Kisha akanigeukia. "Masikio ni yako. Ulisikia ngapi?"

Nitasema kweli, ingawa inaniudhi. Nilitaka kusema moja. Alikuwa amemnunulia mtoto viatu, vidogo, vyekundu, vimetokeza kwenye mfuko wake. Moja ingetosha tukaingia ndani sote.

"Tatu," nikasema.

Hakugomba. Aliviweka viatu kizingitini, akaondoka polepole kama Jumapili ile.

Sasa mtoto anatembea, na mimi bado nalala chumbani kwa mama mkwe, kama bado ni mama mkwe. Wageni wakiuliza mimi ni nani, anajibu mama wa mjukuu wake, anabadilisha mazungumzo. Mshonaji ananisifu kuwa nimebaki na meno yangu. Sijui. Kuna siku nakaa nairudia sentensi ile moja mpaka inakuwa maneno ya mtu mwingine, na naanza kuogopa kwamba niliyasikia redioni tu.

Wiki iliyopita nilimpeleka mtoto kliniki kupimwa uzito. Muuguzi akaniuliza jina la baba, nikamtajia. Akauliza umeolewa au umeachika. Nikaanza kuhesabu vidoleni: sifuri, moja, tatu. Nyuma yangu foleni ya akina mama inasukumana, watoto wanalia.

"Mama, hilo si swali la hesabu," akasema.

Nikamwambia ni la hesabu tupu. Akanitazama kidogo, akaacha nafasi ile wazi kwenye kadi, akaita anayefuata.