Sinia Tupu Chini ya Madumu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ufagio, aproni ya buluu na onyo. "Amayi, ukiona kitu kimemwagika, usikifagie. Niite," alisema Meneja wa Ghala, Mmalawi mrefu aliyepiga pasi shati lake hata Jumamosi na kumwita kila mwanamke amayi, yaani mama. Ghala lilikuwa Old Town, Lilongwe, nyuma ya maduka ya jumla, na kila kilichokuwemo kilikuwa cha majimaji: sabuni, rangi, oili ya magari, tindikali ya betri. Vyote vilikaa kwenye madumu, na madumu yalipangwa juu ya rafu za chuma zilizopanda karibu kugusa mabati.

Mimi ni mtu wa Uvira, Kongo. Wakati huo nilikuwa na watoto watatu katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, na mume fundi cherehani ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia, hata kutunga uzi kwenye sindano ikawa kazi ya binti yetu Neema. Kwa hiyo ufagio ule ulitulisha sote. Wiki nzima nililala chumba cha kupanga mtaa wa Area 23, na Jumamosi jioni nilipanda minibasi kurudi Dzaleka, kwenda kuona mdogo wao ameota meno mangapi mapya.

Nilifagia mwaka mzima, kisha Meneja akanipandisha kuwa mtunza rafu wa upande wa oili, kwa majaribio ya miezi mitatu. Nyinyi vijana mnaoingia ghalani leo mnakuta kila kitu kimechorwa ukutani. Sisi tulielezwa mara moja, kwa haraka, tumesimama. Sakafu za rafu zilikuwa za wavu, ili kinachovuja kishuke hadi chini, ambako juu ya vyuma vya mwisho vya rafu kulilazwa sinia la kinga, yaani sinia pana la plastiki nene lenye kingo ndefu. Sinia hilo lazima liweze kumeza dumu kubwa kuliko yote yaliyo juu yake, dumu zima, na nafasi ibaki.

Niliyasikia yote hayo, nikaitikia, kisha nikafanya ujinga wangu.

Kwetu jirani akikuletea sombe, yaani kisamvu, kwenye bakuli, humrudishii bakuli lake likiwa tupu. Utatia hata nyanya mbili, hata chumvi kidogo. Sasa mimi, mtoto wa mama yangu, nilipoyaona yale masinia makubwa yamekaa matupu siku nenda siku rudi, niliona aibu kwa niaba ya kampuni. Nikayajaza chupa ndogo za oili ya breki, lebo zote zikitazama mbele. Papa Deo, mpakiaji wetu kutoka Bukavu, alisimama akashika kiuno, akanisifu.

"Ah, Mama Neema! Sasa hii njo depo. Inafanana na butike ya kule kwetu!"

Nilivimba kichwa wiki nzima. Kisha dumu moja la oili likapasuka kwenye mshono. Oili ikashuka, ikakuta chupa zimejaa kwenye sinia, ikapanda juu ya kingo na kutambaa sakafuni hadi mlangoni. Papa Deo aliingia na katoni ya sabuni begani, akateleza, akakaa chini kwa heshima zote, katoni bado iko begani. Hakuumia popote isipokuwa suruali.

Meneja alikuja, akatazama.

"Nani amejaza sinia?"

"Mimi, bwana."

"Kwa nini?"

"Lilikuwa tupu, bwana."

"Amayi, nilichonunua ni huo utupu." Akavuta pumzi. "Ijumaa Mkurugenzi anakuja. Mbele yake utamwaga dumu zima la maji kwenye sinia lako. Tone likigusa sakafu, utarudi Dzaleka, nami nitatafuta mtu mwingine."

Sikula nsima, ule ugali wa Malawi, siku hiyo. Kila nilipofumba macho nilimwona mume wangu amesogeza kitambaa hadi puani, akijitahidi kuona mshono.

Jumatano niliondoa chupa zote, nikapangusa sinia, tukalijaribu mimi na Papa Deo. Maji yakamwagika! Tuliligeuza sinia, tukatafuta tundu, hatukuona.

"Sinia iko muzima, Mama. Sasa mayi inatokea wapi?"

Nilichuchumaa. Kona ya nyuma maji yalikuwa yamefika ukingoni, huku mbele hayakufunika hata kidole. Nikachukua chupa yenye maji nusu, nikailaza kwenye chuma cha rafu kama wafanyavyo waashi wasio na pimamaji. Kiputo kikakimbilia mbele. Mguu mmoja wa rafu ulikuwa umezama kwenye saruji iliyobonyea, na sinia lilikuwa limeinama pamoja nao.

Alhamisi tulishusha madumu yote, tukanyanyua mguu ule kwa jeki ya lori, tukapachika vipande bapa vya chuma, tukapandisha madumu tena. Papa Deo alilaumu dumu moja moja, lakini hakuacha hata moja chini.

Ijumaa Mkurugenzi alifika, mama mfupi wa Kihindi, mzaliwa wa Lilongwe. Nilimwaga dumu zima la maji. Yalipanda sawasawa pande zote, yakasimama chini ya ukingo. Mkurugenzi akapiga magoti, akapitisha leso yake sakafuni, akaitazama. Kavu.

"Na hivi vyuma chini ya mguu?"

Nikamweleza. Akamgeukia Meneja. "Rafu nyingine zimepimwa?" Meneja akatikisa kichwa. "Basi kuanzia Jumatatu," akasema Mkurugenzi, "mama huyu azipime zote. Majaribio yake yameisha."

Nilipiga kigelegele katikati ya ghala. Meneja aliziba masikio, lakini alikuwa anacheka.

Baadaye nilipelekwa ghala letu la Mitundu, la dawa za mashamba, chini ya Msimamizi kijana aliyeita kila sinia "mfumo". Huko nilijifunza kutochanganya: tindikali na dawa ya klorini zisishiriki sinia moja kamwe, maana zikikutana hutoa moshi wa kuua. Nikarudi Old Town nikiwa Mkuu wa Rafu, nikazeekea hapo. Mume wangu tulimpatia miwani, akashona hadi gauni la harusi la Neema.

Siku ya kustaafu nilirudisha funguo, aproni na buti za kazi. Kandambili zangu zilikuwa kwenye mkoba. Nikaziacha humo humo, nikatembea pekupeku kutoka rafu ya tindikali hadi mlangoni.

"Amayi, viatu!" alipaza sauti Meneja, mvi kichwa kizima.

"Vya nini, bwana? Hii ni sakafu yangu."

Nilipofika mlangoni nilinyanyua unyayo mmoja, kisha wa pili, nikamwonyesha. Vumbi tu.