Limevaliwa na Shangazi

Kuna watu wanaoshona nguo, na kuna watu wanaoziuza. Huyu mama yeye kazi yake ilikuwa kuzivaa. Usicheke. Kama unadhani kuvaa ni kazi ya kila mtu, basi hujawahi kununua gauni ukatoka nalo dukani kama malkia, halafu siku ya kwanza ya kuinama kumfunga mtoto viatu likakuumbua mbele za watu.

Alikuwa mpishi wa shule, pande la mama, mwenye mikono iliyozoea kuteremsha masufuria ambayo wanaume huyazunguka kwa mbali. Kaka yake alioa fundi cherehani, na huyo fundi, kwa kutaka kumfurahisha wifi yake, akamshonea gauni. Likapasuka wiki hiyo hiyo. Mwingine angenyamaza kwa kulinda undugu. Yeye alilirudisha, akalitandaza juu ya cherehani na kumwambia wifi yake kuwa gauni lile lingemfaa maiti, kwa sababu maiti hainui mkono. Wifi akanuna, akashona la pili. Nalo likarudi. La tatu likadumu, na wapishi wenzake wakalitaka, kisha wauguzi, kisha walimu. Biashara ikaanzia hapo, kwenye manung'uniko ya mtu mmoja.

Tangu siku hiyo ikawa ndio utaratibu wa chumba kile cha kushonea: mtindo mpya ukibuniwa, linashonwa gauni moja tu, linapelekwa kwa Shangazi. Jina hilo alipewa na watoto wa kaka yake, mafundi wakalidaka, na mtaa nao ukalidaka. Shangazi alilivaa gauni mwezi mzima. Alipika nalo, alifua nalo, alipanda nalo ngazi na ndoo mkononi, alikalia nalo benchi la zahanati hadi nyama za miguu zikafa ganzi. Palipombana alifunga uzi mwekundu. Palipochanika, uzi mwekundu. Mwezi ukiisha alilirudisha limejaa nyuzi kama mtoto mwenye surua, na wifi yake akakaa nalo mapajani, akigusa uzi mmoja mmoja na kuuliza, hapa ulikuwa unafanya nini? Mfuko ukashushwa mkono usikwame. Kwapani kikaongezwa kipande cha kitambaa. Zipu ikatoka mgongoni ikahamia ubavuni, ili mwanamke anayeishi peke yake asilazimike kugonga mlango wa jirani ndipo avae.

Wifi alikuwa na kichwa cha biashara, hilo hakuna wa kumnyima. Siku moja alishona lebo ndogo shingoni mwa kila gauni: Limevaliwa na Shangazi. Mwanzoni Shangazi mwenyewe aliona haya. Baadaye aliona fahari, tena fahari kubwa, na kwa nini asione? Hakuwa na mtoto, hakuwa na kiwanja, na kwa kazi ile ya kuvaa hakupata zaidi ya magauni yenyewe. Lakini wanawake asiowajua walimsimamisha barabarani kumshukuru kwa mfuko. Walisema kama Shangazi kalivaa, basi hawana haja ya kulijaribu.

Biashara ikakua. Chumba cha uani kikawa duka la vioo kwenye barabara kubwa, na sanamu za plastiki zikasimama dirishani zikiwa na viuno vya nyigu. Hapo ndipo matatizo yalipoanzia, na tumtendee haki wifi, hakuyatafuta. Kila alipotoa mtindo mpya, maduka ya jirani yaliuiga kabla rangi haijazoeleka machoni. Yeye akingoja mwezi mzima Shangazi amalize kulowesha gauni jasho, wenzake wameshauza la kwao wakasahau. Kisha akaja bwana mmoja mwenye maduka katika miji kadhaa, akasema atachukua mzigo wote, ila anataka mtindo mpya kila baada ya wiki mbili. Ukiwa na mafundi wa kulisha na mlango kama huo umefunguliwa mbele yako, utafanyaje?

Ungesema ukweli, basi. Ungemwita wifi yako ukamwambia mambo yamebadilika. Huyu hakusema. Mwezi wa kuvaa ukawa wiki mbili, wiki mbili zikawa moja, kisha Shangazi akaitwa dukani avae azunguke meza mara moja, avue. Alipolalamika kwamba hata viatu huwezi kuvijua kwa kuzunguka meza, alichekewa, akamiminiwa soda. Halafu hata huko kuitwa kukakoma. Yeye akadhani biashara imepoa. Akawa anamwonea wifi yake huruma, maskini, hadi akamuuliza kaka yake kwa simu kama watoto wana karo. Kaka akajibu kwamba wanaendelea vizuri sana, wamenunua hata makochi.

Ukweli ulimfuata jikoni. Ilikuwa saa ya mapumziko, anapanga sahani, mwalimu mmoja kijana akaja kwenye dirisha la kugawia chakula, amejifunga sweta mabegani ingawa jua lilikuwa kali. Akageuka, akaliinua sweta kidogo. Gauni lilikuwa limeachia mshono kutoka kwapani hadi mbavuni. Alikuwa anaandika ubaoni, akanyoosha mkono kufikia juu, likalia praa, na darasa zima likaona sidiria ya mwalimu wao. Watoto walicheka hadi wakagonga madawati. Ilibidi amalize kipindi mgongo ukiwa ukutani.

"Shangazi, sikuja kukulaumu," alisema. "Nataka kujua tu. Hili ulilivaa kweli?"

Shangazi alipenyeza mkono dirishani, akaigeuza shingo ya gauni. Lebo ilikuwepo, herufi zile zile. Gauni lenyewe hakuwahi kuliona tangu azaliwe.

"Mimi nililinunua kwa sababu ya jina lako," mwalimu akasema, akajifunga sweta lake na kwenda zake.

Afadhali angetukana. Matusi Shangazi aliyajua, jikoni yanapita kutwa, na angejua pa kuyaweka. Lakini binti wa watu amesimama pale kwa upole, amedhalilishwa mbele ya watoto aliowafundisha kusoma, na aliyemdhalilisha ni yeye Shangazi, aliyekuwa jikoni akimenya viazi bila habari. Alihisi amevuliwa nguo, tena na mtu wa nyumbani. Aliwaachia wenzake masufuria, akaondoka na aproni yake kiunoni.

Alimkuta wifi yake nyuma ya duka, anakata kitambaa. Magauni ya mtindo ule ule yalikuwa yamekunjwa na kurundikwa hadi usawa wa dirisha, kila moja na lebo yake. Shangazi hakusalimia. Aliuliza nani kayavaa. Wifi akaweka mkasi chini, akaanza kueleza habari za soko, jinsi watu siku hizi wanavyotaka kitu kipya, jinsi yule tajiri wa maduka anavyokuja Jumamosi kuuona mzigo. Akasema ile nafasi ya kwapani imepunguzwa kidogo tu kuokoa kitambaa, na kwa mtu wa kawaida haina shida.

"Mtu wa kawaida ndiye nani?" Shangazi akauliza. "Yule asiyeinua mkono?"

"Wifi, usilichukulie hivyo."

"Sikuulizi habari ya kitambaa. Nakuuliza habari ya jina. Umeandika nimelivaa."

Wifi akashusha pumzi, na hapo akasema neno ambalo pengine alikuwa amelifikiri siku nyingi, kwa sababu lilitoka limepigwa pasi kabisa. "Shangazi si wewe peke yako tena. Shangazi ni chapa. Watu wananunua chapa, wala hawajui kama upo."

Mwanamke yule alisimama akimtazama mke wa kaka yake. Huyu ndiye aliyekaa na magauni yake mapajani akiuliza, hapa ulikuwa unafanya nini? Huyu ndiye aliyejua kuliko mtu yeyote duniani kwapa la mwanamke mwenye kazi linahitaji nafasi kiasi gani, maana alifundishwa kwa nyuzi nyekundu miaka nenda miaka rudi. Hangeweza kusema hakujua. Alijua, akakata hivyo hivyo, kisha akashona jina la mwenzake juu ya uongo wake. Wakati hata kuku ukimchukua kwa jirani unaomba!

"Zifumue," Shangazi akasema. "Uza magauni yako, sikuzuii. Lebo zifumue."

Wifi akasema haiwezekani, mzigo umeshafungwa, na bila lebo yule bwana hachukui. Akaongeza, kwa sauti ya kubembeleza, kwamba haya ni mambo ya familia, wayamalize ndani. Shangazi akampigia simu kaka yake pale pale. Kaka akasikiliza, akakohoa, akasema yeye mambo ya nguo za wanawake hayajui, wamalizane wenyewe. Mwanamume mzima, anakalia makochi yaliyonunuliwa kwa jina la dada yake, hajui mambo ya nguo!

Jumamosi duka lilijaa. Yule bwana alikuwepo, amekaa kwenye kiti kizuri, wifi anamsogezea maji. Shangazi aliingia kwa mlango wa mbele, ameoga, amesuka. Akamwomba msichana wa mauzo gauni la mtindo mpya, la saizi yake, ile kubwa kuliko zote. Msichana akamwangalia bosi wake. Bosi angefanya nini mbele ya mgeni? Akatabasamu kwa meno tu. Shangazi akaingia nyuma ya pazia, akatoka amelivaa.

Na lilimpendeza, tuseme kweli. Wateja wakamtambua, wakaanza kunong'onezana kuwa ndiye mwenyewe. Yule bwana alifurahi, akasimama, akatoa simu ampige picha.

Shangazi hakumtazama. Alifanya kazi yake. Alikaa kwenye kiti, akainuka. Aliinama hadi sakafuni, kama mtu anayekamata masikio ya sufuria, akainuka taratibu. Vitambaa vilikuwa vimepangwa kwenye rafu ya juu. Akanyoosha mikono yote miwili kufikia robota la mwisho, na gauni likaachia, kwanza upande wa kulia, kisha wa kushoto, kwa sauti ambayo kila mwanamke mle ndani aliijua.

Hakuna aliyecheka. Sidiria yake ilikuwa ya zamani, imefuliwa hadi imekuwa na rangi ya maji ya mchele, na nyama zake za mbavuni zilikuwa nje, zenye alama za umri na za moto wa jikoni. Aliona aibu. Aliiona hadi masikio yakamwaka. Wifi akaja mbio na kipande cha kitambaa, macho yamejaa machozi, akataka kumfunika, akimwambia kwa sauti ya chini, wifi, tafadhali, shusha mikono.

"Niache," Shangazi akasema. "Waone palipochanika."

Akabaki hivyo, mikono juu, hadi wote walipoona. Yule bwana alikuwa ameshairudisha simu mfukoni. Akasogea, akaitazama mishono kulia na kushoto, kisha lebo shingoni, kisha rundo la magauni lililofungwa tayari karibu na mlango. Hakumuuliza mwenye duka. Alimuuliza mwenye jina.

"Mama, na yale mengine yakoje?"

Wifi alikuwa ameshika kitambaa kifuani, anamtazama bila kupepesa. Neno moja tu la huruma lingemwokoa, na lilikuwa jepesi mdomoni. Shangazi alimpenda, na hiyo ndiyo iliyomwuma. Akashusha mikono.

"Sijui," akasema. "Nimevaa hili moja tu."