Tochi Iliyolazwa

Fundi saa hakuwahi kumkabidhi mteja saa siku ileile aliyoitengeneza. Ungempelekea asubuhi, ikapona kabla ya mchana, na bado angeitundika kwenye msumari ukutani, nyuma ya kiti chake, akakwambia kwa upole kwamba imelazwa. Ungemwonyesha kuwa mishale inatembea, naye angekubali kuwa inatembea. Ungemwambia una safari, naye angekutakia safari njema. Saa ingebaki pale msumarini mpaka mwenyewe aridhike kwamba haikimbii wala haichelewi. Ndipo angeifuta kwa kitambaa laini na kukuvisha kwa mikono yake, kama mtu anayemvisha mtoto shati la shule.

Neno hilo, kulaza, alilirithi kwa mjomba wake pamoja na meza, kiti na kioo cha kubana jichoni. Fundi alipokuwa angali mwanagenzi wa mjomba alimrudishia mteja mmoja saa iliyotoka mikononi mwake muda huohuo. Saa ikasimama bila mwenyewe kujua, gari likamwacha, na watu wakamzika mama yake bila yeye kuwapo. Mjomba hakumfokea. Alisema tu, "Kuanzia leo, kitu hakitoki hapa bila kulala." Miaka mingi baada ya mjomba kufariki, agizo lile lilikuwa bado linatawala kibanda kile, ambacho upana wake ulimtosha mtu mmoja na kivuli chake.

Mkabala naye, ng'ambo ya kijia kinachopita katikati ya maduka, alikaa muuza vifaa vya umeme ambaye kila mtu alimwita Chaji. Balbu, redio, waya, betri, tochi: vyote vilining'inia dukani mwake kama matunda. Kila asubuhi, akifungua mlango wa bati, salamu yake ilikuwa moja.

"Habari za wodini, daktari? Wangapi wamelazwa, wangapi wameruhusiwa?"

"Wanaendelea vizuri."

"Na wale waliopona?"

"Hao ndio niliowalaza."

Chaji angecheka mpaka akohoe, na siku ingeanza.

Mtu pekee ambaye fundi hakuweza kumwambia asubiri alikuwa dada yake. Ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kuondoka duniani wakifuatana, na ndiye aliyemshika mkono akampeleka kwa mjomba na kusema, "Mfundishe huyu. Mikono yake haitulii, itakuja kumponza." Dada alikuwa mshona nguo. Cherehani yake ilikaa barazani, chini ya jengo ambalo yeye mwenyewe aliishi ghorofa ya tatu, peke yake tangu mumewe alipofariki na binti yake kuolewa. Asubuhi alishuka, giza lilipoanza kuingia alipanda, na katikati ya hayo alishona, aliwasuta wateja waliomletea vitambaa hafifu, na kujua habari za mtaa mzima bila kunyanyuka kitini.

Ngazi za jengo lile zilifungwa na kuta pande zote, hazikuwa na dirisha hata moja. Waya wa taa ulipoungua, mwenye nyumba na wapangaji walianza kusukumiana nani amwite fundi umeme, na walipochoka kusukumiana wakazoea kupapasa. Simu ya dada ilikuwa na kitaa chake, lakini kilitosha kuonea tundu la ufunguo tu.

"Zile ngazi zimekuwa pango," alimwambia mdogo wake siku moja alipopita kumsalimu. "Nitafutie tochi. Ndogo, ya kuweka mfukoni, lakini nzuri. Sitaki zile zinazowaka wiki moja, halafu mpaka uzipige makofi ndiyo ziamke."

"Nitakutafutia, dada."

"Upesi, tafadhali. Mpwa wako kanitangazia vita. Anasema siku nikijikwaa kwenye zile ngazi, anakuja na gari la mizigo kunihamisha."

"Hawezi."

"Ataweza. Kanirithi mimi." Dada alikata uzi kwa meno. "Kwake ni pazuri, sikatai. Kitanda kizuri, wajukuu, chai naletewa. Lakini kule mimi ni mgeni wa heshima. Hapa ni mtu."

Fundi aliondoka pale ameelewa kila neno. Hilo ndilo lililomtafuna baadaye: kwamba alikuwa ameelewa.

Siku ya pili alivuka kijia mpaka kwa Chaji, na Chaji, kwa furaha ya kumpata jirani yake kama mteja, akashusha tochi zote mezani.

"Hii hapa ukimmulika mwizi anajisalimisha mwenyewe, anaomba na msamaha."

"Dada hamuliki mwizi. Anamulika miguu yake." Fundi aliielekeza ukutani. "Angalia, katikati inaunguza macho, pembeni kiza. Mtu atauona ukuta asione ngazi."

"Basi hii. Inawaka, inafifia, inapepesa, inaomba msaada ukiwa baharini."

"Mtu mzima abonyeze mara ngapi mpaka aupate mwanga wa kumfikisha nyumbani?"

"Hii ya kuchaji?"

"Na umeme ukikatika?"

Chaji alikaa juu ya kasha la betri na kumtazama. "Fundi, niambie ukweli. Unanunua tochi au unaoa?"

"Mke atakwambia kinachomsumbua. Tochi haisemi."

Hatimaye aliipata. Ilikuwa nyeusi, mwili wake wa chuma chepesi, urefu wake haukuzidi kidole cha shahada. Ilitumia betri moja ya kidole, ya aina inayopatikana kila duka. Kitufe kilikuwa mkiani, kikubwa kiasi cha kuonekana kwa dole gumba bila kutazama. Ukibonyeza inawaka, ukibonyeza tena inazima, na hadithi inaishia hapo. Mwanga wake ulitandaa sawasawa kama maji yaliyomwagwa sakafuni. Ubavuni ilikatwa bapa kidogo ili isibingirike ikiwekwa mezani. Fundi alifungua na kufunga kifuniko chake mara kadhaa, akisikiliza meno ya skrubu yanavyopishana, na usoni mwake kukawa na kitu ambacho Chaji hakuwa amekiona kwa muda mrefu.

"Hii imetengenezwa na mtu," alisema.

Jua lilikuwa bado juu. Kwa dada hapakuwa mbali. Angefika, angerudi, na bado angekuta mchana umebaki. Badala yake alirudi kibandani, akaifunga uzi tochi ile, akaitundika msumarini.

Akaanza kuihakikisha. Aliiacha ikawaka mchana kutwa ili aone betri itachoka vipi. Aliiangusha kutoka usawa wa kifua, kwa sababu wazee huangusha vitu. Aliitumbukiza kwenye kikombe cha maji. Jaribio moja kwa siku, kwa kuwa hakutaka jaribio moja liharibu ushahidi wa lingine. Tochi ilishinda yote, na jambo hilo, badala ya kumridhisha, lilimtia wasiwasi. Katika maisha yake hakuwahi kukutana na kitu kisichokuwa na ugonjwa.

Dada alipiga simu. "Tochi yangu imefika wapi?"

"Iko mahali pazuri, dada. Ninayo. Bado naiangalia tu."

"Haya. Wewe iangalie tochi. Na mimi nani ataniangalia?"

Wote wawili walicheka. Dada alikuwa na cheko la kukatika ghafla, kama uzi.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo pengine fundi saa peke yake angelifanya. Aliifungua. Alibana kioo jichoni, akaichunguza springi, akachunguza kipete cha mpira kinachozuia maji, akaona kimekauka kidogo upande mmoja, au alidhani amekiona hivyo. Alikitoa, akakipaka grisi ileile anayopaka saa za kuzamia majini, akakirudisha. Kisha, kwa kanuni yake mwenyewe, kitu kilichofunguliwa kimekuwa kitu kipya: majaribio yote yalipaswa kuanza upya. Akaitundika tena. Chaji, aliyekuwa akimtazama kutoka ng'ambo, hakutania siku hiyo.

"Fundi, ile haikuwa mgonjwa."

"Ndiyo maana nataka kuwa na hakika."

"Mpelekee mama wa watu."

"Kesho, ikiamka salama."

Asubuhi tochi iliamka salama. Alikuwa ameshaivua msumarini na kuishika mkononi pale simu ilipolia. Alikuwa binti wa dada yake.

"Mjomba, mama amelazwa."

Kwa muda mfupi wa aibu ambao hakumsimulia mtu isipokuwa miaka ilipopita, macho ya fundi yaliinuka yenyewe ukutani, kwenye safu ya misumari, kumtafuta.

"Amelazwa wapi?"

"Hospitali, mjomba. Wapi tena? Ameanguka kwenye zile ngazi jana jioni."

Nyonga ilikuwa imevunjika. Fundi alimkuta dada yake kwenye kitanda cha karibu na dirisha, amefunikwa shuka hadi kifuani, amekuwa mdogo kuliko alivyomwacha. Binti yake alikuwa amesimama upande wa pili akichana nywele za mama yake taratibu, bila kumtazama mjomba.

"Umekuja," dada alisema. "Kaa basi, usisimame kama mdai."

Alikaa. Hakujua aanzie wapi, kwa hiyo akaitoa tochi mfukoni na kuiweka juu ya shuka. Dada aliipokea, akaipima uzito, dole gumba lake likakiona kitufe bila kutafuta. Mwanga ulitandaa kwenye dari, mweupe, mtulivu.

"Nzuri," alisema. "Nzuri kweli." Akaizima. "Ilikuwa na kasoro gani?"

Fundi alitazama mikono yake.

"Haikuwa na kasoro, dada."

"Hata ndogo?"

"Hata ndogo."

Binti aliacha kuchana. Yeyote kati yao angeweza kusema neno kali, na neno hilo lingekuwa la haki. Dada alilipita kando.

"Basi," alisema. "Basi, mdogo wangu. Wewe ulikuwa hivyohivyo tangu zamani. Nilikuwa nakutuma chumvi, unarudi mchuzi umeshaliwa." Alijaribu kucheka, nyonga ikamkataza.

Alipozungumza tena, alizungumza na binti yake. "Lile gari la mizigo usilete. Vitu vyenyewe si vingi. Cherehani wape wale wasichana wa barazani. Mjomba wako atanirudishia funguo kwa msimamizi wa jengo."

"Mama, tutalizungumza ukipata nafuu."

"Nimeshalizungumza." Aligeuza uso dirishani. "Uliniambia siku nikijikwaa nihamie kwako, nami nilikubali. Sitabishana nikiwa nimelala chali."

Fundi alitaka kusema kwamba nyonga hupona. Kwamba yeye mwenyewe angemwita fundi umeme na kusimama naye mpaka taa iwake. Kwamba angekuja kila jioni kumpandisha kwa mkono. Aliyasema yote hayo, moja baada ya jingine, na dada akayasikiliza kwa adabu ya mgeni wa heshima. Kisha akamrudishia tochi, pamoja na funguo za chumba chake.

"Chukua. Utaihitaji kule ngazini."

Alikwenda mchana, jua likiwa utosini, na bado mlangoni mwa ngazi giza lilimpokea kama blanketi. Akabonyeza. Hakuwa amewahi kuziona ngazi zile kwa mwanga wa kweli. Alizipanda polepole, akimulika kila moja. Kabla tu ya ghorofa ya pili aliona ngazi iliyomeguka ukingo, mmeguko wa zamani, uliokwisha kulainishwa na miguu ya watu wengi. Ulionekana wazi kabisa. Mtoto angeuona. Alisimama pale muda mrefu, na tochi haikutetereka, haikufifia.

Chumbani alikunja mapazia, akafunga bomba la maji, akatoa sufuria zilizokuwa zimeanikwa dirishani zikisubiri kupikiwa chakula cha jioni ile. Viatu vya ndani vilikuwa mlangoni, vimeelekea ndani, tayari kwa mtu anayerudi kutoka kazini. Alivitia mfukoni mwa koti, kimoja kila upande, kwa kuwa hakuweza kuvifungasha pamoja na vyombo.

Msimamizi wa jengo alikutana naye akiwa anashuka, akaufuata mwanga wa tochi mpaka chini, akifurahi kuona anapokanyaga. Barazani alipokea funguo, akazitia mfukoni bila maneno mengi, kisha akainyooshea kidole ile tochi.

"Tochi safi sana hiyo, mzee. Ndogo, lakini angalia kazi yake. Ni yako?"

"Hapana," fundi saa alisema. "Ni ya dada yangu."