Mkono wa Musallam

Kwenye sebule ya Bi Asila, pale Deira, kuna kochi dogo ambalo siku hizi limegeuzwa likaelekea ukutani. Aliyeligeuza ni binti yake, Ghania, na hakuna aliyethubutu kulirudisha. Kutoka kwenye kochi lile ndiko alikomwona ndugu yake mara ya mwisho, kwenye televisheni, mkono ukiwa juu, na yeye akacheka.

Musallam alikuwa mdogo wake wa pekee. Wote wawili walizaliwa Dubai. Wazee wao walitoka Unguja zamani, na ndani ya nyumba ile hakikusemwa ila Kiunguja, hata kama nje ya mlango dunia nzima ilikuwa ikisema Kiarabu, Kihindi na Kiingereza. Baba yao, marehemu Mzee Sulaiman, alikuwa na duka la spea za magari kule Ras Al Khor. Shule zikifungwa alimchukua Musallam dukani ili ajifunze kazi, lakini kila akimgeukia hamwoni. Kijana yuko nyuma ya magodauni, kwenye changarawe, anacheza mpira na mafundi wa gereji waliomzidi umri na kimo. Akiitwa, anakuja na magoti yanachuruzika damu.

"Hebu nambie," Mzee Sulaiman akimuuliza, "nimekuleta hapa ujue giaboksi au ujue kuanguka?"

"Sianguki, baba. Naangusha."

Ndivyo alivyokuwa tangu utoto. Wenzake wote walitaka kufunga mabao. Yeye furaha yake ilikuwa kumwona mtu anakuja mbio na mpira, anajiona mfalme, halafu ghafla hana kitu mguuni. Tatizo lake lilikuwa moja tu: hakujaaliwa mbio. Mwenyezi Mungu alimpa kifua, akampa kichwa, akampa na sauti, mbio akawapa wengine. Kwa hiyo akajifunza kutumia akili, na akili yake yote aliiweka kwenye kuotea.

Jambo lenyewe si gumu. Pasi inapopigwa, mshambuliaji asiwe ameshawapita mabeki. Akiwa amewapita, ameotea, na bao lake halihesabiwi. Sasa mabeki wote wakipiga hatua mbele kwa pamoja, wakati uleule, mshambuliaji anajikuta ameachwa peke yake nyuma yao kama mtu aliyesahauliwa kituoni. Lakini lazima watoke pamoja. Mmoja akibaki, mtego umeharibika, na wote wamekwisha.

Musallam alianza kuufanyia mazoezi mtego huo kwenye ukumbi wa nyumba yao, na beki wake wa kwanza alikuwa Ghania. Alipanga ndara za nyumba nzima zikawa timu mbili. Dada mtu, na kitabu chake cha shule mkononi, alitakiwa asimame kwenye mstari na angoje.

"Ukiuona mkono wangu, toka! Usitazame nyuma!"

"Nikitazama je?"

"Ukitazama umeshachelewa."

Ghania alitoka, akarudi, akatoka tena, mpaka mama yao akaja kudai ndara zake.

Musallam alianzia timu ya Ijumaa ya vijana wa Kizanzibari. Baadaye, milango ilipofunguliwa kwa wakaazi waliozaliwa nchini, akasajiliwa na klabu ndogo ya daraja la kwanza, na kutoka hapo akapanda hadi klabu kubwa. Bi Asila hakufurahi. Si kwa sababu ya mpira. Ni kwa sababu ya bukta. Mtoto aliyemfundisha Kurani mwenyewe aende kuonyesha mapaja yake mbele ya umma? Musallam hakubishana naye. Alinunua suruali nyeusi za kubana, akawa anavaa ndani ya bukta, iwe jua, iwe baridi. Siku ya kwanza mama yake alipomwona kwenye televisheni amejisitiri mpaka magotini, alivuta tasbihi yake, akakaa mbele, na tangu hapo hakukosa mechi.

Sheria za mpira hakuzijua, wala hakutaka kuzijua. Yeye alimtazama mwanawe tu. Kamera ikifuata mpira upande wa pili, Bi Asila analalamika. "Huyo wa nini? Hebu mrudisheni mwanangu!" Na Musallam akionekana tena anawapigia kelele wenzake, mama huitikia kimyakimya, "Mwenyezi Mungu akuhifadhi."

Kuna mwaka alikatika kano ya goti. Msimu mzima hakucheza. Alirudi Ras Al Khor, akauza bampa na taa za magari, na mwaka huohuo Mzee Sulaiman akafariki. Wengi walihesabu kwamba mpira umemwacha. Lakini alirudi, mzito zaidi, na akatunukiwa kitambaa cha unahodha, maana safu ya ulinzi ilikuwa haitembei bila yeye. Akinyoosha mkono wa kulia na kupiga ukelele wake, mabeki watatu waliobaki walichomoka kama waliovutwa kwa kamba moja. Hawakumtazama. Walisikia ukelele, wakauona mkono kwa pembe ya jicho, basi, wametoka. Mashabiki wake wakamwita Bwana Mkono. Mashabiki wa timu pinzani nao wakabuni mzaha wao: kila akinyoosha, jukwaa zima linanyoosha pamoja naye na kuzomea. Yeye alicheka. Alimwambia Ghania, "Wananisaidia. Yazan hasikii vizuri, sasa anaona."

Yazan alikuwa beki aliyecheza ubavuni mwake, kijana wa Kizanzibari pia, kwao Sharjah. Alikula mara nyingi mezani kwa Bi Asila, na alimwita Musallam kaka.

Siku yenyewe ilikuwa ya baridi, baada ya Alasiri. Posa ya Musallam ilikuwa ipelekwe wiki ile, na mjomba Humoud, ndugu wa Bi Asila, alikuwa amekuja kuizungumza. Mechi ikaanza, mazungumzo yakawekwa kando. Ghania alikaanga sambusa, akaja nazo, akakaa kwenye kochi lake dogo.

Ilikuwa kipindi cha pili. Wapinzani walikuwa na mpira katikati ya uwanja. Musallam, karibu na goli lake, akanyoosha mkono.

"Haya, keshaanza!" Ghania akasema huku akicheka. Mjomba Humoud akapiga makofi. Jukwaa la wapinzani likanyoosha mikono, maelfu ya mikono, wakizomea. Yazan na wenzake wakachomoka. Pasi ikapigwa, mshambuliaji akapita, kila mtu akatazama kibendera cha mshika laini. Hakikunyanyuka. Bao.

Hakikunyanyuka kwa sababu beki mmoja alibaki. Musallam mwenyewe. Alikuwa amepiga goti moja chini, mkono bado uko juu.

"Nahodha mzima kalala!" mjomba Humoud akafoka. "Awaite wenzake watoke, yeye abaki! Musallam, umenitia aibu leo!"

Kwenye kioo alionekana Yazan akirudi mbio, mikono ameitanua, mdomo wazi, anamgombeza. Kisha kamera ikawafuata wafungaji kwenye sherehe yao.

"Mbona hasemi?" Bi Asila akauliza.

"Nani, mama?"

"Musallam. Mkono kaunyoosha na mdomo kaufunga. Mwanangu akinyoosha mkono hupiga kelele."

"Dada, bao limeshaingia," akasema mjomba Humoud.

"Sikukuuliza bao!" Bi Asila alikuwa ameshasimama, tasbihi imeanguka miguuni pake. "Nirudishieni mwanangu nimwone!"

Kamera iliporudi, Musallam alikuwa chini, kifudifudi, kipa anawapungia madaktari kwa mikono yote miwili, na wale waliokuwa wakizomea wamebaki na mikono hewani, hawajui waiweke wapi. Kisha picha ikakatwa, likaja tangazo la maziwa. Mtoto anakunywa maziwa, mama yake anatabasamu. Ghania alilitazama tangazo lile mpaka mwisho, na sambusa mkononi. Mpaka leo hajui kwa nini yeye mwenyewe hakupiga ukelele.

Moyo ulisimama, ndivyo walivyoambiwa hospitali. Moyo wa mtu wa miaka thelathini na moja, aliyefunga Ramadhani akifanya mazoezi, ambaye hakupata kuvuta hata sigara. Mjomba Humoud alimuuliza daktari kama angewahiwa angepona. Daktari alisema hana hakika. Katika maneno yote aliyoyasema yule daktari, Ghania alibeba hayo mawili tu.

Alizikwa kesho yake, baada ya Adhuhuri. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Wanaume walimchukua, wakamswalia, wakamfikisha. Wanawake walibaki nyumbani na Yasini, kama ilivyo ada. Kwa hiyo Ghania hakuliona kaburi. Alichokuwa nacho ni ile picha ya video iliyokuwa ikizunguka kwenye simu za watu, na aliitazama mara nyingi kuliko ilivyompasa, amejifungia chumbani, matanga yakiendelea upande wa pili wa mlango. Kila akiitazama anamwona mtu mmoja. Yazan ndiye aliyekuwa karibu. Yazan ndiye aliyemwacha. Na baada ya kumwacha akarudi kumtukana.

"Yule asitie mguu humu," alimwambia mama yake. "Wallahi akija nitamtoa mimi."

Bi Asila aliendelea kuvuta tasbihi.

Siku ya kumaliza matanga, watu walipokuwa wameshaondoka, mjomba Humoud alipanda ngazi na mtu nyuma yake. Yazan alisimama nje ya mlango, viatu amevivua, hakuvuka kizingiti. Alikuwa amekonda kwa siku chache zile, mtu asingedhani.

"Asalaam aleikum. Da Ghania, nimekuja kuomba radhi."

Ghania alivuta mtandio, akaja mpaka mlangoni. Alikuwa na maneno mengi aliyoyapanga. Likatoka moja.

"Ulimwambia nini?"

"Dada..."

"Nimekuona mdomo. Nataka kujua ndugu yangu alisikia nini."

Yazan alitazama chini. "Nilimwambia, 'Mkono wako mwenyewe halafu unalala! Tumefungwa kwa uvivu wako!'" Akaongeza, "Nilikuwa namgombeza, dada, na yeye anakata roho. Nilidhani amechoka. Nimefika karibu, ndipo nikaona jicho limepinduka."

"Kwa nini hukutazama nyuma? Mara moja tu! Mkono umenyooka, hakuna sauti, na wewe unakwenda mbele kama kipofu. Kwa nini hukutazama?"

Yazan alinyanyua uso, akamtazama kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo mwulizaji analijua.

"Yeye ndiye aliyetukataza," akasema taratibu. "Kila siku. Kila mazoezi. Alikuwa anatuambia ukitazama..."

"Umeshachelewa," akamalizia Ghania.

Maneno yalimtoka kabla hajayajua. Akashika fremu ya mlango. Aliuona ukumbi, ndara zimepangwa, na mtoto wa Mzee Sulaiman na mkono wake juu, anamkoromea dada yake atoke. Na yeye anatoka. Angekuwa uwanjani siku ile, akiwa beki wa ndugu yake, naye angetoka. Asingegeuza shingo. Jambo hilo lilimpiga kwa nguvu kuliko habari ya kifo chenyewe, na hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza.

"Yazan," Bi Asila aliita kutoka ndani. "Njoo, mwanangu. Ingia ukae."

Ghania alisogea. Yazan akaingia, akakaa chini kwenye mkeka, mbali kidogo na mama, magoti ameyakusanya.

"Ulipomfikia, ulimkuta na uhai?"

"Ndiyo, mama."

"Alitamka kitu?"

Kila mtu mle ndani alijua Bi Asila anauliza nini. Anauliza kama mwanawe aliondoka na shahada mdomoni. Mjomba Humoud alimkazia macho Yazan, akimwomba kwa macho aseme ndiyo, amalize, mama apumzike.

Yazan aliyaona, akamgeukia mama. "Midomo ilikuwa inakwenda, mama. Sikusikia. Uwanja ulikuwa na kelele za bao."

Bi Asila aliteremsha kichwa, akakinyanyua tena. "Mwenyezi Mungu hazuiwi na kelele," akasema. Kisha akafuta uso kwa ncha ya kanga.

Baadaye Yazan akasema, na alikuwa anamwambia Ghania, "Kocha anataka niishike safu mimi. Nimeshindwa. Jana mazoezini nimejaribu, mkono hauendi juu."

"Utakwenda," Ghania akajibu. "Ila wafundishe wenzako watazame nyuma."

"Dada, wakitazama nyuma watachelewa. Tutafungwa."

"Fungweni."

Mjomba Humoud alikohoa. Yazan alimtazama Ghania aone kama anasema kweli, akaona anasema kweli, akainamisha kichwa akakubali. Ghania aliinua birika, akammiminia kahawa kwenye kikombe kidogo, akamsogezea na tende, kama alivyokuwa akifanya siku zote kijana yule akija kula na ndugu yake.